Umeme wa Bunia huanzia barabarani: njia ya Budana ichimbiwe mitaro kwanza

Kila umeme wa Bunia unapozungumzwa, maneno huishia kwenye mambo yale yale: mashine zilizochakaa, nguzo zilizoanguka, bili, na swali la lini taa zitawaka usiku kucha. Barabara haitajwi. Lakini fundi anayeitwa kubadilisha beringi ya turbaini hafiki kwa miujiza. Hupanda gari akiwa na vipuri, winchi na mapipa ya mafuta ya mashine, na gari hilo hupita kwenye udongo mwekundu wa wilaya ya Djugu. Likikwama, mji mkuu wa Ituri hukaa gizani hadi litakapokwamuliwa, na hakuna mhandisi wa umeme, hata awe hodari vipi, anayeweza kulifanyia jambo hilo chochote.

Kituo cha kufua umeme kwa maji cha Budana, kwenye mto Shari, hakikujengwa kwa ajili ya wakazi wa Bunia. Kilijengwa enzi za ukoloni wa Wabelgiji ili kuendesha migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, ile dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1903 na kuundiwa kampuni mwaka 1926. Barabara za eneo hilo nazo zilikatwa kwa ajili ya mgodi: zipite lori za kampuni, mashine za kampuni, na vibarua waliolazimishwa kuzitunza kwa jembe na koleo. Baada ya uhuru kampuni ikawa OKIMO mwaka 1966, baadaye SOKIMO, na kadiri ilivyodhoofika ndivyo kazi ndogondogo zilivyoachwa. Ya kwanza kuachwa ilikuwa kuzibua mitaro. Mashine huzeeka kwa kelele na kila mtu husikia. Mtaro huziba kimya kimya.

Ndiyo maana mpango wowote wa kufufua umeme wa maji kwa ajili ya Bunia unapaswa kuihesabu njia ya kwenda kituoni kuwa sehemu ya kituo chenyewe, sawa na bomba la maji au transfoma. Isiwe kazi ya pembeni ya kumpa mkandarasi greda kwa wiki tatu ili wageni wapite siku ya uzinduzi. Na kazi ya kwanza katika njia hiyo si lami, wala changarawe. Ni maji ya mvua.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mvua moja ya milimita 40, ambayo si kitu cha ajabu Ituri, ikinyesha juu ya kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 5, humwaga lita 200,000 za maji juu ya barabara hiyo. Hapo hayajahesabiwa yanayoteremka kutoka mlimani upande wa juu. Maji hayo lazima yaende mahali. Barabara isipokuwa na mgongo, yatakaa katikati na kuulainisha udongo hadi gurudumu la kwanza la lori lichimbe mfereji; mvua ya pili itaufuata mfereji huo, ya tatu itaugeuza korongo. Mgongo wenye mwinuko wa asilimia 5 unatosha: kwenye barabara ya mita 5, katikati panakuwa juu ya kingo kwa sentimita 12 na nusu. Sentimita hizo, pamoja na mtaro kila upande na mifereji ya kuyatoa maji mtaroni kabla hayajapata nguvu, huokoa fedha nyingi kuliko tabaka la changarawe lililomwagwa juu ya matope.

Kalavati nazo zina siri yake. Ile nyembamba ni rahisi kununua, lakini huzibwa na matawi na mchanga katika msimu mmoja, na hakuna mtu anayeweza kuingia ndani kuisafisha. Yenye kipenyo cha mita moja huingiliwa na kijana mwenye koleo. Tena kazi haiishii kwenye kalavati. Mahali maji yanapotokea panahitaji kupangwa mawe, la sivyo maji yatachimba shimo upande wa chini, shimo litarudi nyuma kidogo kidogo hadi barabara yenyewe imeguke. Makorongo mengi yanayoonekana kando ya barabara za mashariki ya Kongo yalianza hivyo, kwenye mdomo wa kalavati ambayo hakuna aliyeifikiria baada ya saruji kukauka.

Katika barabara ya kituo cha umeme kuna sababu nyingine ya kuyachunga maji, na ndiyo nzito zaidi. Udongo unaosombwa barabarani huishia mtoni. Mto huupeleka kwenye mlango wa maji wa kituo. Tope hujaa nyuma ya kizuizi, na mchanga mwembamba unaopenya hadi kwenye turbaini husugua vyuma kama msasa. Kwa hiyo barabara iliyojengwa vibaya inaweza kuua kituo ilichojengwa kukihudumia. Mfano haupo mbali: vituo vya mto Ruzizi, vinavyowasha Bukavu na miji jirani, vimesumbuliwa kwa miaka mingi na taka za plastiki na udongo kutoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti, na mafundi wake hutumia saa nyingi kuzoa uchafu badala ya kufua umeme. Ituri ina tatizo lake la ziada, kwa kuwa wachimbaji wa dhahabu tayari wanaivuruga mito kwa mashine za kunyonya mchanga. Mto unaobebeshwa tope la dhahabu hauhitaji kuongezewa tope la barabara.

Kinachofuata hapo ni kwamba upana si sifa. Wanasiasa hupenda barabara pana kwa sababu inapendeza kwenye picha. Kwenye mteremko, kila mita inayoongezwa hulazimisha mlima kukatwa zaidi, na mlima uliokatwa wima huporomoka mvua zinapoanza. Gari la kituo halihitaji barabara ya kupishana kasi. Linahitaji njia moja imara, yenye sehemu za kupishana zinazoonekana kutoka mbali, na kingo zilizopandwa majani yanayoshika udongo. Paspalamu inaota Ituri bila kubembelezwa. Kwenye miinuko mikali, ambako changarawe haikai hata ishindiliwe namna gani, ni afadhali kumwaga zege au kupanga mawe katika mistari miwili ya magurudumu kwa mita mia moja kuliko kumwaga changarawe ileile kila mwaka.

Madaraja nayo hayasubiri. Transfoma la kituo cha ukubwa huu laweza kuwa na uzito wa tani 20, bila kuhesabu lori linaloibeba. Daraja la muda lililowekwa kwa ajili ya magari madogo halitaibeba, na kuligundua hilo siku transfoma imeshafika ukingoni mwa mto ni aibu inayogharimu fedha nyingi. Uzito wa mzigo mkubwa kuliko yote unapaswa kujulikana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kisha kila daraja na kalavati vipimwe kwa uzito huo. Safari yenyewe ipangwe kati ya Desemba na Februari, wakati udongo ni mkavu.

Wapo watakaosema huu ni uangalifu wa watu wenye muda. Bunia haina muda. Wauza samaki wanatupa bidhaa zao, wachomeleaji wanakesha na jenereta, na mazutu hayashuki bei. Hoja hiyo haipaswi kubezwa. Wakati wa janga la Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, chanjo iliyotumika Kivu Kaskazini na Ituri ilipaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Katika jimbo lisilo na umeme wa kutegemewa, baridi hiyo ilinunuliwa kwa jenereta na kwa ndege. Kila mwezi wa giza una gharama, na nyingine hazilipiki.

Lakini haraka haimaanishi kukwangua njia nzima mara moja. Barabara ya udongo haiharibiki sawasawa. Sehemu kubwa hupitika. Kinachoifunga ni mahali pachache panapojulikana na kila dereva: bonde lenye matope, kona yenye chemchemi, daraja lililooza, mpando wa udongo wa mfinyanzi. Fedha zikielekezwa kwenye sehemu hizo kwanza, gari litafika kituoni mwaka huo huo, na zilizobaki zitafuata. Mkandarasi hapendi utaratibu huu, kwa kuwa malipo ya kilomita ni mepesi kuhesabu kuliko malipo ya mabonde. Hilo ni shauri lake na mwajiri wake. Mji unachohitaji ni gari lifike.

Usalama katika kazi hii una sura mbili, na mara nyingi moja hufunika nyingine. Ile inayozungumzwa ni ya bunduki. Mauaji yalianza upya Djugu Desemba 2017. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na bado Februari 2022 wanamgambo waliwaua makumi ya wakimbizi wa ndani katika kambi ya Plaine Savo, karibu na Bule. Hakuna mfanyakazi wa barabara anayeweza kupelekwa Djugu kana kwamba hayo hayakutokea. Lakini kuwazungushia wafanyakazi wanajeshi si jibu kamili. Penye askari huzaliwa bariere, penye bariere huzaliwa ushuru, na barabara iliyokusudiwa kubeba vipuri hugeuka duka la wenye silaha, wawe wamevaa sare au hawakuvaa.

Kinachoilinda barabara zaidi ni vijiji inavyovipita kuiona kuwa yao. Katika wilaya ambako watu wameuana kwa jina la kabila, orodha ya vibarua si karatasi ya kawaida. Kikundi kimoja kikipewa kazi zote, au wote wakiletwa kutoka mjini, mkandarasi atakuwa amechukua upande bila kujua. Orodha ibandikwe hadharani kwa kila chifu, kila kijiji kiwe na sehemu yake ya njia, na mshahara ulipwe siku iliyotajwa. Mchanganyiko wa watu wenye koleo kwenye mtaro mmoja haumalizi vita. Angalau hauongezi sababu nyingine ya kupigana.

Sura ya pili ya usalama haina bunduki, na Afrika Mashariki imeijua kwa maumivu. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara nchini Uganda, katika njia ya Kamwenge kwenda Fort Portal, baada ya wafanyakazi wa ujenzi kutuhumiwa kuwadhulumu kingono wasichana wadogo wa vijiji vya kando. Miaka miwili baadaye ikawa zamu ya Kongo. Wakazi wa Kivu Kusini walipeleka malalamiko kuhusu ukarabati wa barabara ya Bukavu hadi Goma, chini ya mradi wa Pro-Routes: ukatili wa kingono, mali na machimbo ya mawe yaliyochukuliwa, na wanajeshi waliotumika kulinda kazi. Novemba 2017 malipo ya ujenzi yakasimamishwa. Waliopata hasara mara mbili ni wanakijiji: walidhulumiwa, kisha barabara ikasimama.

Njia ya kwenda kituo cha umeme ni ndogo kuliko hizo, na ndiyo hatari yake. Hakuna mwandishi wa habari anayeifuatilia na hakuna jopo linaloifikia kwa urahisi. Sheria ya mazingira ya Kongo, namba 11/009 ya Julai 2011, inadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya miradi yenye uwezo wa kudhuru, na tangu 2014 lipo shirika la taifa la kuzisimamia tathmini hizo. Tathmini hiyo isiandikwe Kinshasa kwa kunakili ya mkoa mwingine. Ielezwe kwa Kiswahili, Kilendu, Kihema na lugha nyingine za njiani: nani atalipwa shamba lake la mihogo, shimo la changarawe litafukiwa lini ili lisiwe dimbwi la mbu na kaburi la watoto, na mama mwenye malalamiko amwendee nani asiyekuwa bosi wa yule anayemlalamikia. Jambo hilo la mwisho likikosekana, yote mengine ni mapambo.

Baada ya ujenzi huja hatari ambayo wengi huisahau, nayo ni mwendo. Barabara mbovu humlazimisha mwendesha pikipiki kwenda polepole. Ikisawazishwa, huyo huyo atapita katikati ya kijiji kwa kasi, na nyuma yake lori lenye vipuri likiteremka, huku watoto wakitoka shuleni. Matuta mbele ya shule, alama kwenye kona na sehemu ya waenda kwa miguu pembezoni mwa daraja hugharimu kidogo sana mkataba ukiwa bado haujatiwa saini, na hugharimu maisha zikiachwa.

Limebaki suala la mwenye barabara, na hapa ndipo miradi mingi inapokufa. Kongo ina Office des Routes kwa barabara za kitaifa, kama ile namba 27 inayotoka Komanda kupitia Bunia na Mahagi hadi Goli kwenye mpaka wa Uganda. Ina OVD kwa barabara za mijini. Ina idara yake kwa njia za mashambani. Tangu 2008 ina mfuko wa matengenezo, FONER, unaojazwa na tozo ya mafuta na fedha za vizuizi vya barabarani. Njia ya kwenda kituo cha umeme huangukia katikati ya hao wote. Si ya kitaifa, si ya mji, na mazao yanayopita humo ni kwa bahati tu. Kila mmoja akiulizwa ataonyesha mlango wa mwenzake.

Jibu ni kuitoa njia hiyo katika mzunguko huo. Sheria ya umeme ya mwaka 2014 ilifungua sekta na kuondoa ukiritimba wa SNEL, hivyo mwendeshaji wa kituo, awe wa serikali au binafsi, hupewa haki na majukumu kwa mkataba. Barabara iandikwe ndani ya mkataba huo. Katika kila franka inayolipwa na mteja wa Bunia, sehemu itengwe kwa ajili ya mitaro, iwekwe kwenye akaunti yake, na matumizi yatangazwe. Jirani yupo wa kutazamwa: mgodi wa Kibali, huko Haut-Uele, ulitengeneza njia ya kutoka mpaka wa Uganda kabla ya kuleta mitambo yake, na umejijengea vituo vya maji vya Nzoro, Ambarau na Azambi. Kampuni haikufanya hivyo kwa huruma. Ilijua kuwa bila njia hakuna umeme, na bila umeme hakuna dhahabu. Mji wa Bunia una haki ya kuhesabiwa kwa hesabu hiyo hiyo.

Fedha hizo zitahitajika kila mwaka, kwa sababu tabaka la changarawe katika nchi ya mvua nyingi hupungua kwa sentimita mbili hadi tatu kwa mwaka. Lililowekwa sentimita 15 leo halitafika miaka kumi. Kinachorefusha maisha yake si greda la mara moja bali mtu mwenye koleo kila wiki. Kongo inao utaratibu huo tayari: kamati za wenyeji za kutunza barabara, zinazoitwa CLER, zinazopewa kipande cha njia na kulipwa kwa kazi iliyoonekana. Zilipwe kweli. Salongo ni desturi nzuri ya kufagia soko, lakini mtu aliyekimbia vita na kurudi kwenye shamba lililomea magugu hawezi kuambiwa azibue mitaro ya kituo cha umeme bure, tena umeme ambao nyaya zake zinapita juu ya nyumba yake bila kushuka. Kama kuna kijiji kinachostahili kuunganishwa kwanza, ni kile kinachoitunza njia.

Na bariere ya mvua iheshimiwe. Kila dereva wa Kongo anaijua: mti uliolazwa barabarani mvua ikinyesha, usiinuliwe hadi udongo ukauke saa kadhaa baadaye. Ni dawa ya bei rahisi kuliko zote, na huharibiwa kwa noti moja mkononi mwa mlinzi. Lori moja lenye tani 20 likipita wakati wa matope linaweza kufuta kazi ya miezi. Mlinzi wa bariere ya Budana alipwe vizuri kuliko hongo anayoweza kupewa, na gari la kituo lenyewe, hata la mkubwa, lisubiri kama mengine.

Mvua za Ituri hupumzika Desemba na kurudi Machi. Mawe ya midomo ya kalavati yanapaswa kuwa yamerundikwa kando ya njia ifikapo Novemba. Mkandarasi atakayeanza kuyatafuta Januari atayapanga Machi, ndani ya maji.